Jibu: Kilima kifupi cha kupanda na mtoto hapa Mwanza

Mkuu, umeuliza kilima cha nusu siku kinachomfaa mtoto wa miaka saba. Nenda Saanane, kisiwa kilicho Ziwa Victoria. Boti inaondokea mtaa wa Capri Point, na kuvuka ni dakika chache tu (life jacket msivue). Jiwe Kuu, mwamba mtakaoupanda kisiwani, si refu, lakini ni graniti tupu: likilowa linateleza kama sabuni, na saa sita mchana linaunguza mikono. Kwa hiyo wahini asubuhi, mchana upepo nao huchafua ziwa. Vaeni raba, kandambili acheni nyumbani. Dogo atawapenda pimbi na ile mijusi ya kichwa chekundu, mwili wa buluu. Juu mnaliona jiji na ziwa. Mngeenda Bismarck, ule mwamba maarufu ulio majini, mngeishia kupiga picha tu.