Anaimba ba-be-bi-bo-bu, lakini kusoma hawezi

SWALI: Mwanangu ana miaka 14, ana usonji. Silabi za kwenye chati anazitaja zote, lakini nikimwandikia neno dogo hawezi. Nikikazania, anatupa kitabu na kujing'ata mkono. Anachopenda ni daladala tu. Je, tumechelewa? – Mama, Temeke

JIBU: Hamjachelewa, mama. Ila anachofanya kwenye chati ni wimbo, amekariri mpangilio. Mwonyeshe "bo" peke yake kwenye karatasi. Akianzia "ba" ili aifikie, ujue amekariri tu. Iondoe chati hiyo ukutani kwa sasa.

Tumieni daladala. Andika "temeke" kwenye kipande cha boksi, alisome zima, maana neno hilo analiona kwenye magari kila siku. Kesho yake likate kwa mkasi akiona: te, me, ke. Aliunge upya. Kisha wewe panga ke, te, halafu nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Vijana wengi wenye usonji huhitaji muda kabla ya kujibu, na ukirudia swali haraka unamvuruga, anaanza upya. Akisema "kete", mpe kete ya bao mkononi, kwa sababu wapo wanaotamka vizuri bila kuelewa. Geuza vipande: teke. Hapo atacheka, nina hakika.

Kuhusu kutupa kitabu, tazama kilichotangulia. Ni kitabu cha darasa la kwanza, tena mbele ya wadogo zake? Huyo ni kijana, aibu anaiona. Au ni redio ya jirani? Mfundishe kukupa kadi yenye picha ya mkeka akitaka kupumzika, na akikupa, mwache apumzike papo hapo, hata iwe mara tano kwa siku. Dakika kumi zinatosha; acheni akiwa bado ana hamu. Fimbo, tafadhali mama, usiiguse.

Apimwe macho na masikio pia. Na ukimwona anakodoa macho sekunde kadhaa, unamwita hasikii, mwambie daktari: kifafa huwapata zaidi wenye usonji, na kubalehe ni kimojawapo cha vipindi kinapoanza.

Temeke ikikaa, nendeni Tegeta. "Te" anayo tayari, kwa hiyo kazi mpya ni ge na ta tu.