Unaenda makumbusho ya pikipiki Birmingham? Chagua kitu kimoja ukifuate

Wadau wa pikipiki mlioko Uingereza, au mnaokuja kumsalimia ndugu, leo naongelea National Motorcycle Museum, ile ya Bickenhill karibu kabisa na eapoti ya Birmingham. Nimeenda pale na mafundi wenzangu, nimeenda na shemeji yangu ambaye hata kiki hajui kupiga, na ushauri wangu ni huu: usijaribu kuziangalia zote. Mule kuna pikipiki zaidi ya 1,000, zote za Kiingereza, zinang'aa hatari, ukisema usome kila kibao basi muda si mrefu macho yanatazama tu ila kichwa kimeshafunga duka.

Chagua kitu kimoja ukifuate toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nawaambia watu wafuate shokapu za nyuma. Anza na zile za kabla ya vita ya kwanza ya dunia, nyuma hamna shokapu hata ya dawa, fremu imekaza, siti ina springi zake mbili basi, shimo lote unalipokea kwa kiuno. Nyingine hata cheni hazina, zina mkanda wa ngozi na pedali za baiskeli, mlima ukikushinda unakanyaga mwenyewe. Ukifika miaka ya 40 unakuta springi zimewekwa pale pale kwenye ekseli ya nyuma, tairi inapanda na kushuka wima, kidogo tu. Halafu tafuta Norton yenye fremu ya Featherbed ya mwaka 1950, kazi ya ndugu wawili wa Ireland ya Kaskazini, akina McCandless. Hapo inama kabisa, washa tochi ya simu umulike chini ya siti, utaona ule mkono unaobeba tairi na shokapu mbili pembeni, yani ni mpango uleule ulio kwenye Boxer ya bodaboda wako wa mtaani. Ukishaona hivyo pikipiki zote za mbele yake zinaanza kuongea.

Kama we ni mtu wa injini, fuata mshono. Injini nyingi za Kiingereza za silinda mbili boksi lake la chini limekatwa wima, kushoto na kulia, ule mshono unapita mpaka kule chini ambako oili inadondokea, sasa usipoziba vizuri kidogo tu oili inavuja. Wajapani wakaja na injini zilizokatwa kwa ulalo, mshono uko juu ya oili. Honda walipotoa CB750 mwaka 1969, silinda nne, stata ya umeme, breki ya diski mbele, na sakafu ya gereji inabaki kavu, wazee wa Birmingham walikuwa na kazi kweli. BSA, kampuni ya pikipiki ambao kiwanda chao kilikuwa mjini humohumo, Small Heath, hawakuvuka miaka ya 70.

Na hao BSA usiwapite bila kuona Bantam, kale kadogo ka 125. Wengi wanakapita wanakimbilia pikipiki za kifahari, Vincent na Brough Superior, mi naona ndo wanakosea. Bantam ilitoka 1948 na mchoro wake ni wa Mjerumani, pikipiki ya DKW RT125, uliochukuliwa baada ya vita ya pili ya dunia. Mchoro huohuo Harley-Davidson nao wakautumia, na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, imetoka humohumo. Kwa hiyo wale wanaocheka pikipiki za Kichina eti kopi, wapeleke pale wakasimame kidogo.

Ukienda na mtu asiyejua gia wala klachi, usimchoshe na mishono. Muoneshe taa za zamani za karabai, watu wa pwani watazijua, halafu mpeleke kwenye Brough Superior umpe stori ya T. E. Lawrence, yule Lawrence wa Arabuni, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyepigana pamoja na Waarabu vita ya kwanza ya dunia, alianguka na Brough yake 1935 akafa kwa kuumia kichwa. Daktari mmoja aliyemhudumia, Hugh Cairns, kile kifo hakikumtoka akilini, akaanza kuchunguza vichwa vya wanajeshi wa pikipiki, mwaka 1941 akaandika utafiti wake na jeshi likalazimisha helmeti. Shemeji aliisikiliza hiyo kuliko kitu kingine chochote siku ile.

Kingine, waulize wahudumu kuhusu moto wa Septemba 2003. Kipisi cha sigara kiliunguza jengo na pikipiki zaidi ya 300, wakajenga upya, na nyingi wakazirudisha upya moja moja. Waombe wakuoneshe iliyoungua, maana kwa macho tu hutaijua.

Treni shuka Birmingham International, na cheki kwanza siku wanazofungua. Kugusa hapana.