Re: Marekani iliwalipaje wavuvi wa kamba walioumizwa kimapato na kamba walioagizwa kutoka nje?

Ndugu, umeuliza kama kila mvuvi alipewa hundi tu. Hapana. Kwa sheria ya 2009, kwanza kundi la wazalishaji liliomba Wizara ya Kilimo, likionyesha kuwa bei, wingi, thamani au mapato yameshuka kwa zaidi ya asilimia 15 chini ya wastani wa miaka 3 iliyotangulia, na kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa kiasi kikubwa. Ombi la wavuvi wa kamba lilikubaliwa 2010.

Kundi likishakubaliwa, kila mtu alikuwa na siku 90 kujaza fomu yake katika ofisi ya wizara ya eneo lake, na stakabadhi za mauzo mkononi. Hapo ndipo mtu angeweza kukwama: aliyeuza kamba gatini kwa fedha taslimu bila risiti hakuwa na cha kuonyesha.

Halafu yalifuata mafunzo, bure. Mpango wake wa awali wa biashara ulipopitishwa, mtu alilipwa hadi dola 4,000. Kwa mpango wa muda mrefu, hadi dola 8,000. Jumla haikuzidi dola 12,000 kwa miezi 36. Kwa mwenye boti kubwa, hiyo ilikuwa hela ya mafuta tu.