Diskasi wa mwituni wamegoma kula: tengeneza maji kwanza, dawa ya minyoo isubiri

Waalaikumu salaam, ndugu yangu wa Lamu. Nimeusoma ujumbe wako mpaka mwisho. Diskasi sita wa mwituni, wale samaki bapa wa mapambo wa Amazon, wameletwa Nairobi kwa ndege, wakaja kwa basi hadi Mokowe, wakavushwa kwa boti, na sasa wiki imekwisha wamejibanza pembeni, wamegeuka weusi, moyo wa ng'ombe hawautaki na chakula cha punje hawakiangalii. Rafiki yako amekushauri uwape dawa ya minyoo leo leo. Mimi nakuomba dawa uiweke kabatini kwanza.

Samaki aliyekuwa mweusi na kujibanza ana hofu. Njaa kwake bado. Huko Amazon diskasi hukaa kwenye maziwa ya kando ya mto na penye maji yaliyotulia, katikati ya matawi ya miti iliyoangukia majini. Wavuvi huwafuata humo usiku kwa taa, msimu maji yanapopungua. Tangu usiku ule samaki wako amepita mikono ya watu wengi na mifuko mingi, na hajapata hata siku moja ya kutulia. Aliyekomaa na mwenye mwili anaweza kukaa wiki mbili, hata tatu, bila kula na asife. Maji mabaya hayampi muda huo. Kwa hivyo usihesabu siku alizokosa kula, mtazame paji la uso. Nyama ya juu ya macho ikiwa bado imejaa, una nafasi. Ikiwa imebonyea na kichwa kimechongoka kama makali ya kisu, hapo ndipo pa kuharakisha.

Leo zima taa ya tangi. Funika pande tatu kwa kitambaa cheusi, na uweke matawi makavu au mizizi iliyochemshwa vizuri wapate pa kujisitiri. Wote sita wakae pamoja, maana diskasi ni samaki wa kundi na ukimtenga mmoja unamzidishia hofu. Watoto wasigongegonge kioo.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo sisi wa pwani tunapokwama. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji yake yana chokaa, mara nyingi na chumvi juu yake, na pH, yaani kipimo cha uchachu ambapo chini ya 7 ni maji machachu, huwa zaidi ya 7.5. Mto Rio Negro, mmoja wa mito ya kwao Amazon, una pH ya 4 hadi 5, na madini yaliyoyeyuka ndani yake ni machache mno, yanakaribia maji ya mvua. Hujasema ni diskasi wa aina gani. Kama wana mstari mnene mweusi wa tano, ule unaokata mwili katikati, basi ni Heckel, yule aliyeelezwa mara ya kwanza na mwanasayansi Johann Jakob Heckel mwaka 1840, na kwa maji hakuna diskasi mgumu kumpita. Wa kahawia, wa buluu na wa kijani wanavumilia zaidi. Hao pH ya 6 hadi 6.8 inawatosha.

Dawa ya hili tunayo bure, nayo ni mvua. Mimi hapa Malindi nakinga masika kutoka kwenye mabati na kuweka kwenye mapipa ya plastiki yenye mfuniko, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe paa. Huko kwenu mna jabia, lile tangi la kujengwa la kuwekea maji ya mvua, lakini lipime kabla ya kuliamini. Paa la sakafu ya chokaa na kuta zilizopigwa chokaa huyarudishia maji ugumu ule ule unaoukimbia, na niliwahi kupima maji ya jabia la zamani nikayakuta yanakaribia ya kisima. Nunua kipimo cha TDS, yaani madini yaliyoyeyuka majini, kile cha kalamu. Kwa Heckel lenga 50 hadi 100, kwa wengine hata 150 si neno. Maji ya mvua matupu nayo usiyatumie peke yake, kwa kuwa hayana cha kuishikilia pH na inaweza kuporomoka usiku mmoja. Nachanganya ndoo tisa za mvua na moja ya kisima, kisha napima na kurekebisha.

Usiyabadilishe kwa mkupuo. Wameshakaa wiki kwenye maji magumu, basi toa sehemu moja kwa tano kila siku na uongeze mchanganyiko mpya wenye joto lile lile, mpaka ufike unapotaka. Joto liwe nyuzi 29 au 30. Wengi hapa pwani hudhani hita haina kazi, lakini kusi ikivuma mwezi wa Julai, maji ya tangi alfajiri hushuka vizuri tu, na diskasi aliyepoa hali.

Changarawe na mchanga navyo viangalie. Dondoshea siki. Ukiona povu, ndani mna chembe za kombe na matumbawe, na kila maji laini utakayoleta yatageuka magumu. Toa yote, sakafu ya tangi ibaki kioo kitupu kwa sasa, ndivyo utakavyoona na kinyesi chao.

Kisha nenda chini ya mti wa mkungu. Okota majani makubwa yaliyoanguka yenyewe, yaliyokwisha kuwa mekundu au ya kahawia na kukauka, mbali na barabara na mahali panapopuliziwa dawa. Yaoshe, weka jani moja kwa kila lita 40 hivi. Baada ya siku mbili maji yatapata rangi ya chai nyepesi. Hiyo ni tanini inayotoka kwenye majani, nayo ndiyo inayofanya maji ya Rio Negro yawe meusi, na katika maji laini inasaidia kushusha pH. Katika maji ya kisima itakupa rangi tu, pH haitasogea, kwa hivyo usianze na majani kabla ya mvua. Nimewaona wangu wakirudisha rangi yao siku maji yalipoanza kukolea, kabla hata hawajaonja kitu.

Kwa wale wengine uliosema utawaagiza baadaye, jihadhari na mfuko. Safarini samaki anapumua, hewa chafu yake inashusha pH ya maji ya mfuko, na amonia iliyomo, itokanayo na taka zake, inabaki katika hali isiyo na sumu kubwa. Ukiufungua na kuanza kudondosha maji ya tangi kwa saa mbili, pH inapanda na amonia ile inageuka sumu wakati samaki bado yumo. Uelee ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, ufungue, hamisha samaki upesi, maji ya mfuko yamwage. Njia hii inataka tangi liwe na maji laini tayari kabla samaki hawajafika.

Chakula sasa. Diskasi wa mwituni hakujua moyo wa ng'ombe wala punje. Matumbo ya wale waliochunguzwa kule kwao yamekutwa na mwani, mabaki ya majani yaliyooza na wadudu wadogo wa majini. Mwanzo anahitaji kitu kinachotikisika. Viluwiluwi vya mbu ndivyo ninavyoviamini kuliko vyote. Ndoo ya maji yenye majani makavu, kivulini, siku chache tu utaviona. Vichote kwa chujio la chai, vioshe, tia vichache. Ila tafadhali, mayai yakishatagwa funika ndoo kwa kipande cha chandarua ukifunge kwa kamba, na usiache hata kimoja kikapata mbawa. Homa ya dengi na malaria tunazijua sote.

Cha pili ni artemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyofanana na kamba wadogo sana. Kwenye mashamba ya chumvi ya huku kaskazini mwa Malindi wamo, walipandikizwa miaka ya 1980 kutoka Marekani, wakazoea. Ukipata mayai yake, chota maji ya bahari, weka pampu ya hewa, na ndani ya siku moja hadi moja na nusu yameanguliwa. Suuza kwa maji matamu kabla ya kulisha.

Lisha asubuhi mapema na karibu na magharibi, kidogo sana, kisha ondoka. Ukisimama pale hawali. Utakachokiona kwanza, ukichungulia kutoka mbali, ni mmoja akiinamisha kichwa na kupuliza maji chini kwa mdomo, akitafuta. Anakichukua kiluwiluwi, anakitema, anakichukua tena. Huyo ndiye mwalimu wa wenzake, nao watamfuata wenyewe. Kilichobaki baada ya nusu saa kivute kwa mpira.

Wakishakula hai kila siku, changanya na minyoo myekundu ya kugandishwa, uimwage mbele ya mkondo wa filta ili iyumbe. Baadaye tengeneza chakula chako: kamba waliomenywa na kuchovywa maji moto, samaki mweupe asiye na mafuta, mchicha uliochemshwa, kitunguu saumu kidogo, saga, gandisha kwa chainagrasi, kata vipande vyembamba vya kuweka friza. Moyo wa ng'ombe mimi siwapi wa mwituni. Unachafua maji upesi na una mafuta ambayo matumbo yao hayakuyazoea.

Na hiyo dawa. Ni kweli kwamba wa mwituni karibu wote huja na minyoo, ya matumboni na ya kwenye matamvua. Lakini tibu unachokiona. Kinyesi cheupe chenye utando kama uzi kikiendelea huku samaki akikonda, fikiria metronidazoli, ambayo ni ya vimelea vidogo vya matumbo, si ya minyoo. Akijisugua kwenye matawi na kupumulia upande mmoja, ni prazikwanteli, dawa hiyo hiyo ya kichocho. Moja kwa wakati, tena baada ya maji kutulia, maana dawa ni mzigo mwingine juu ya hofu aliyo nayo.

Jambo la haraka, stima ikikatika: weka pampu ya hewa ya betri. Maji ya nyuzi 30 hayabebi hata miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na diskasi sita watayamaliza kabla ya asubuhi.

Kesho pima maji ya kisima na ya jabia kila moja peke yake, TDS na pH, na amonia ya tangi. Niandikie namba hizo pamoja na picha ya samaki mmoja kwa ubavu nione mistari yake, nikupigie hesabu ya ndoo.