Muulizeni fundi: kwa wanaoanza kuhoji viwanda Arusha na Moshi

Wadogo zangu, nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kupita viwandani na kwenye karakana na dodoso mkononi, mkiuliza kampuni zetu zinapokeaje teknolojia. Kazi hii nimeifanya miaka 11, kwanza kama mhoji, sasa kama msimamizi. Kosa nililolifanya wiki yangu ya kwanza nimeliona likirudiwa na kila kundi jipya, na linaniuma kila mara, kwa kuwa takwimu zetu ndizo zinazosomwa na watu wanaopanga mikopo na kodi za viwanda.

Nilikuwa nimepangiwa kiwanda kimoja cha plastiki hapa Arusha. Meneja alinikaribisha vizuri, chai ikaletwa, nikafungua dodoso. Je, katika miaka 3 iliyopita mmenunua mashine mpya? Ndiyo. Inaendeshwa kwa kompyuta? Ndiyo. Bei yake? Akaitaja, na karatasi za ununuzi akanionyesha. Nikajaza, nikashukuru. Wakati wa kutoka nilikosea mlango nikatokea kiwandani, na pale pembeni nikaiona mashine yenyewe imefunikwa turubai. Kijana aliyekuwa anafagia akaniambia, "Hiyo kadi yake iliungua tangu mwaka juzi, dada. Wanasubiri mtaalamu atoke nje." Kazi yote ya siku ile ilikuwa inafanywa na mashine kuukuu iliyo jirani yake, na mzee mmoja mwenye ovaroli ndiye aliyekuwa akiisikiliza kama mama anavyomsikiliza mtoto akikohoa.

Katika dodoso langu kiwanda kile kilikuwa kimepiga hatua kubwa. Tangu siku hiyo, kila ninapoambiwa mashine imenunuliwa, nauliza maswali mengine matatu hata kama hayamo: nani anaiendesha, nani anaitengeneza ikiharibika, na mara ya mwisho ilisimama kwa siku ngapi. Swali la pili ndilo linalofungua mengi. Mwenye kiwanda akisema "tunaye fundi wetu, ngoja nimwite", hapo mna hadithi. Akisema "tunapiga simu Nairobi", ulizeni pia vipuri vinachukua siku ngapi kuvuka mpaka wa Namanga.

Wasomi wamelieleza jambo hili muda mrefu. Mwaka 1990 Wesley Cohen na Daniel Levinthal waliandika kwamba uwezo wa kampuni kupokea maarifa ya nje unategemea sana maarifa iliyo nayo tayari. Mfano mzuri uko hapa hapa. Kampuni ya A to Z ya Arusha ilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Katika teknolojia hiyo dawa ya permethrin huchanganywa ndani ya plastiki yenyewe kabla haijavutwa kuwa nyuzi, kwa hiyo chandarua hakihitaji kuchovywa tena kila baada ya miezi kadhaa. Teknolojia ile ilikuja kwa watu waliokuwa tayari wanatengeneza vyandarua na kuijua kazi ya nyuzi na kitambaa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito, kuliko makubaliano yaliyosainiwa.

Someni na historia kabla hamjaanza, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini wazee wa viwandani wanajibu wanavyojibu. Azimio la Arusha la 1967 lilileta kutaifishwa kwa viwanda vikubwa na mabenki. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, soko likaanza kufunguliwa, na miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji. Hatukuwa peke yetu. Nchi za Ulaya Mashariki ziligeuka kutoka uchumi wa mipango kwenda uchumi wa soko karibu wakati ule ule, na maandiko mengi mtakayopewa kusoma yametoka huko. Msiyaone kuwa ya mbali. Wilayani Hai, njia ya kwenda Moshi, kipo kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria kitengeneze mashine na vipuri kwa ajili ya viwanda vingine. Fikirieni yaliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1980: huku wateja wake, yaani viwanda vya umma, wanaelekea kuuzwa au kufungwa, kule Bulgaria iliyoleta mashine nayo inaingia katika mageuzi yake. Aliyeleta teknolojia na aliyeipokea wamehama nyumba kwa wakati mmoja. Mzee aliyefundishwa mashine katika zama zile akikwambia "mashine siyo tatizo, tatizo ni mfumo", usimkatize. Mpe muda, na uandike.

Sasa nije kwenye neno linalotuharibia kazi kuliko yote: ubunifu. Mwongozo wa Oslo, unaotumika duniani kupima ubunifu wa kampuni, unahesabu hata bidhaa au utaratibu ulio mpya kwa kampuni husika tu. Si lazima uwe mpya duniani. Lakini mkiuliza kwa Kiswahili "je, mmefanya ubunifu wowote?", mwenye karakana anasikia kama mnamuuliza iwapo amegundua ndege. Atasema hapana, nanyi mtaweka sifuri mahali palipojaa kazi.

Nilikutana na hilo mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, kwenye karakana ya baba mmoja anayekarabati mashine za kukamua alizeti. "Sisi tunanakili tu, mwanangu," aliniambia. Nikafunga swali. Halafu, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa na pa kwenda, tukaendelea kuzungumza. Akanieleza kwamba parafujo ya kukamulia huliwa na mchanga unaoingia pamoja na mbegu, kwa hiyo yeye huijaza kwa kuchomelea, kisha huirudisha kwenye mashine ya kukereza mpaka ipate umbo lake. Wateja walipozidi kurudi na tatizo lile lile, akaunda chekeche la kutenga mchanga juu ya mdomo wa mashine, na sasa kila mashine inayotoka kwake inatoka nalo. Huo ni ubunifu kamili, wa bidhaa na wa utaratibu! Nilirudi kwenye swali nikalibadilisha jibu. Siku hizi nauliza hivi: kuna kitu mnachokifanya leo ambacho miaka 3 iliyopita mlikuwa mnakifanya vingine? Kisha nanyamaza. Ukimya huo msiuogope.

Tenganisheni pia alichokichagua mtu na alichokipokea kwa sababu hana njia. Mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, iko dukani kwa sababu sheria ya kodi inaitaka. Lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, mara nyingi imebandikwa ukutani kwa sababu wateja waliiulizia. Daftari kubwa la mkono lililo chini ya kaunta, lenye hesabu halisi za biashara, ndilo litakalowaonyesha mwenyewe anaamini nini. Vitu vitatu, meza moja, sababu tatu.

Kuhusu ushindani, kuna utafiti wa Wendy Carlin, Mark Schaffer na Paul Seabright, uliotumia majibu ya karibu kampuni 4,000 katika nchi zaidi ya 20 zilizokuwa zinageuza uchumi wao. Walikuta kwamba kampuni zenye washindani wachache zilikuwa na ubunifu na ukuaji bora kuliko zile zisizo na mshindani kabisa, na pia kuliko zile zilizobanwa na wengi. Ndiyo maana swali la "una washindani wangapi?" si la kupitia haraka. Mtaa wa Pasua kule Moshi au Unga Limited, kila mtu atakujibu "wengi". Muulizeni: mteja wako akikuacha leo, anakwenda kwa nani? Mkono wake utaelekea mlango mmoja au miwili tu mtaani. Hao ndio washindani wake.

Mambo madogo ya njiani: vaeni viatu vya kufunika vidole. Fikeni asubuhi kabla magari ya kupakia mzigo hayajaja. Fundi mtu mzima apewe shikamoo yake kabla hamjafungua kishikwambi, na msimhoji mbele ya bosi wake, kwa sababu atajibu kwa niaba ya bosi. Akiwa na mikono yenye grisi, msimpe kalamu asaini, subirini anawe.

Mwisho wa dodoso kuna sehemu ya maoni ya mhoji, na wengi huiacha tupu. Mimi hapo naandika mashine gani niliikuta inazunguka saa ile nilipofika, na fundi anayeitunza ana miaka mingapi kazini. Yule mzee wa ovaroli alikuwa amebakiza miezi minane astaafu, na hapakuwa na kijana aliyesimama naye kujifunza.