Zima seva, huduma iendelee: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: namna ya kufanyia matengenezo seva moja ndani ya klasta ya databesi (seva kadhaa zinazotunza data moja kwa pamoja) huku watu wakiendelea na kazi zao. Nimeyafupisha.

Shikamoo. Tuna klasta ya PostgreSQL ya seva tatu, inasimamiwa na Patroni (programu inayoangalia seva ipi iwe kiongozi). Nataka kuweka viraka vya Linux na kila seva lazima iwashwe upya. Nianze na ipi? (Mwanga, Kigoma)

Marahaba. Anza na replika moja (seva inayobeba nakala ya data), kisha ya pili, na seva kiongozi, ile inayopokea data mpya, iwe ya mwisho. Ila kabla hujagusa yoyote, acha kuitazama ile unayotaka kuizima, tazama zinazobaki. Piga `patronictl list`: replika zote ziwe kwenye hali ya streaming, yaani zinapokea mabadiliko moja kwa moja, na ziwe zimeachwa nyuma kwa sifuri au karibu na hapo. Halafu pima mzigo. Kama seva tatu zinagawana kazi ya kusoma na CPU ya kila moja iko asilimia 60, ukitoa moja zile mbili zitapanda hadi 90. Hapo huduma hujaizima, lakini wateja watakuambia imezimika.

Kuna na suala la etcd, hifadhi ndogo ambayo Patroni huitegemea kujua nani ni kiongozi, na ambayo huamua kwa wingi wa kura. Wengi wetu, kwa kubana matumizi, tunaiweka kwenye seva zilezile tatu za databesi. Kwa hiyo ukizima seva moja umeondoa nakala ya data na kura kwa pamoja. Kura mbili kati ya tatu bado ni akidi. Ikianguka nyingine wakati umeinamia ya kwanza, akidi imevunjika, na kwa kawaida Patroni itaishusha seva kiongozi iwe ya kusoma tu, hata kama yenyewe ni nzima kabisa. Ndiyo maana huendi seva ya pili mpaka ya kwanza imerudi kwenye data na kwenye etcd pia. Anayekushauri uzime replika mbili kwa mpigo ili uwahi kulala, mwache akalale yeye.

Ukifika kwa kiongozi, usiizime ukategemea klasta ijiongeze. Seva kiongozi ikifa ghafla, wenzake husubiri muda wake wa uongozi uishe kwanza, na kwa mipangilio inayokuja na Patroni muda huo ni sekunde 30. Kabidhi uongozi kwa hiari: `patronictl switchover`, taja replika inayopokea, hakikisha orodha imebadilika, ndipo uzime.

Bosi anataka nimhakikishie kwa maandishi kwamba haitakatika hata sekunde moja. Nisaini? (Kasulu)

Usisaini. Wakati wa kukabidhi uongozi kuna sekunde chache ambazo hakuna seva inayopokea data mpya, na koneksheni zilizokuwa kwa kiongozi wa zamani zinakatwa. PgBouncer, programu inayokaa kati ya watumiaji na databesi na kugawa koneksheni, inaweza kukuficha: ukitoa amri ya PAUSE, inasubiri miamala iliyoanza imalizike, maombi mapya yanapanga foleni, na baada ya RESUME yanakwenda kwa kiongozi mpya. Mtumiaji ataona ukurasa umechelewa kidogo, basi.

Lakini mkague na aliyeandika programu. Programu nyingi zikikatwa katikati zinarudia ombi zenyewe. Kusoma kukirudiwa hakuna shida. Malipo yakirudiwa ni kesi: inawezekana muamala wa kwanza ulishaingia kwenye databesi, jibu tu ndilo lililopotea njiani. Kila malipo yawe na namba ya kumbukumbu ya pekee, na databesi iikatae namba hiyo ikija mara ya pili. Bila hivyo, mteja atakatwa mara mbili na wewe ndiye utakayeitwa ofisini.

Sisi tunahudumia wanunuzi wa dagaa Kibirizi. Mtaalamu aliye nje ya nchi amepanga matengenezo saa nane usiku. Ni sawa? (Ujiji)

Kwa duka la nguo ingekuwa sawa. Kwenu wavuvi wako ziwani usiku na taa zao, na alfajiri mitumbwi ikitia nanga ndipo fedha zinapoanza kutembea. Matengenezo ya saa nane yakichelewa kidogo tu yanakuta mwalo umejaa watu. Afadhali mchana baada ya mauzo kupoa, au siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa sababu taa hazivuti samaki. Kalenda hiyo mtaalamu wako hana, mpe.

Na muandikie saa kwa namna isiyobishaniwa. Saa nane usiku yetu ni 02:00, na kwenye seva inayotumia UTC (saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu) ni 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Ukimwandikia “saa 8” tu, anaweza kukuzimia saa mbili asubuhi.

SACCOS yetu ina seva mbili za MariaDB Galera (databesi ambayo kila seva hupokea data mpya na kuwapa wenzake). Mbili hazitoshi? (Tabora mjini)

Kwa kuzima kwa utaratibu zinatosha: inayozimwa inaaga, inayobaki inaendelea. Shida ni ajali. Moja ikizimika ghafla au waya kati yao ukikatika, aliyebaki ana kura moja kati ya mbili, na hiyo si wingi, hivyo anagoma kufanya kazi. Kama mkutano mkuu wenu: nusu ya wajumbe waliohitajika wakifika, hampitishi kitu.

Tafuteni kompyuta ndogo ya tatu muiwekee garbd. Haihifadhi data, inapiga kura tu. Lakini mabadiliko yote ya klasta yanapita kwake pia, kwa hiyo usiipachike kwenye intaneti ya kusuasua. Na wakati wa matengenezo, kabla ya kugusa seva ya pili, hakikisha `wsrep_local_state_comment` ya ile ya kwanza inasema Synced, yaani data yake imelingana na wenzake. Mchakato kuwaka peke yake si ushahidi.

Seva zetu tatu za databesi ni mashine pepe ndani ya seva moja kubwa. Naizimaje hiyo kubwa bila kukata huduma? (chuo kimoja, Tabora)

Huwezi. Nunueni ya pili, ikiwezekana na ya tatu. Kwa sasa tangazeni muda wa kukatika na mchague likizo.

Niliizima replika kubadilisha RAM, kumbe RAM haikuwa sahihi, nyingine inatoka Dar. Sasa diski ya seva kiongozi inajaa. Hatutumii Patroni, sloti niliitengeneza kwa mkono. (Kigoma mjini)

Sloti hiyo ndiyo inayokujazia. Kazi yake ni kumzuia kiongozi asifute logi za WAL (kumbukumbu za kila badiliko la data) ambazo replika haijazichukua, na replika haipo. Atazilimbikiza mpaka diski iishe, kisha PostgreSQL isimame. Usiingie kwenye `pg_wal` kufuta mafaili kwa mkono, utaharibu databesi nzima.

Tazama `pg_replication_slots`. Diski ikiwa na nafasi ya kufikisha siku RAM itakapofika, subiri, lakini ichungulie asubuhi na jioni. Ikiwa haina, futa sloti leo kwa `pg_drop_replication_slot`. RAM ikifika, tengeneza sloti mpya na ujenge replika upya kwa `pg_basebackup`. Kuanzia toleo la 13 kuna mpangilio wa `max_slot_wal_keep_size`, kikomo cha logi ambazo sloti inaweza kuzuia zisifutwe. Isipowekwa haina kikomo. Iweke kabla RAM haijashuka kwenye basi.