Muulize Mama Muuguzi: Baba ameacha kutia dawa ya presha ya macho

*Shikamoo Mama Muuguzi. Baba yangu ana miaka 68, ni mkulima huku Morogoro. Mwaka juzi aliambiwa hospitali kwamba ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwisha, la kulia linaona katikati tu. Akapewa matone ya kutia kila usiku. Alitia miezi minane, kisha akaacha. Anasema, "Kama ingekuwa dawa, ningeona tofauti." Kaka yangu amesoma kwenye simu kwamba Marekani wamewarudishia panya uwezo wa kuona, na kwamba kuna kliniki za nje wanachoma sindano ya seli kwenye jicho. Anataka tuuze ekari mbili tumpeleke mzee. Mimi ndiye ninayekaa naye. Nifanye nini?*
*Binti wa Mzee, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nianze na shamba: msiuze. Mwambie kaka yako nimesema hivyo, halafu mketi mnisome pamoja.

Habari ya panya ni ya kweli, kaka yako hakudanganywa. Desemba 2020 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Yuancheng Lu na wenzake, iliyotoka kwenye maabara ya David Sinclair, Chuo Kikuu cha Harvard. Waliingiza jeni tatu ndani ya jicho la panya, seli za mshipa wa jicho, yaani neva inayopeleka picha ubongoni na ambayo presha ya macho (glakoma) huiua polepole, zikarudia hali ya ujana, na panya waliokuwa na presha ya macho wakapata tena sehemu ya uoni walioupoteza. Niliisoma habari ile mara mbili kwa furaha. Lakini kwa binadamu, mpaka leo ninapoandika, hakuna tiba iliyothibitishwa ya kufufua mshipa wa jicho uliokufa. Anayewauzia sindano hiyo anawauzia kitu ambacho hana.

Tena sindano zenyewe zimeshaumiza watu. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha wanawake watatu wenye umri wa kati ya miaka 72 na 88, waliokuwa na ugonjwa mwingine wa macho, ule wa kuchakaa kwa kiini cha retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Walikwenda kliniki moja huko Florida, wakachomwa macho yote mawili siku moja, seli zikiwa zimetolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe. Walilipa fedha nyingi. Waliingia wakiwa wanaona, wakapofuka au kubaki na uoni hafifu mno. Baba yako amebakiwa na jicho moja. Hilo halichezewi.

Sasa tuje kwenye maneno yake mzee, kwamba dawa haifanyi kitu. Namwelewa kabisa. Chukua karatasi nyeupe, weka alama ya msalaba upande wa kushoto, na nukta nene upande wa kulia, ziachane kwa upana wa vidole vinne. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia ukodolee msalaba tu, karatasi ikiwa mbali kiasi cha rula moja, sentimita 30. Isogeze mbele na nyuma taratibu. Kuna mahali nukta itatoweka. Ikitoweka, tazama kilichobaki: huoni shimo jeusi, unaona karatasi nyeupe, safi. Pale ndipo mshipa unapotokea nyuma ya jicho, na hapo jicho halioni chochote. Ubongo umetia kiraka, ukakichora kwa rangi ya jirani yake.

Ndivyo ulivyomfanyia baba yako kwa miaka. Kila nyuzi zilipokufa pembeni, ubongo ulitia kiraka, naye akaendelea kulima bila kuhisi kitu. Mshipa ule una nyuzi zipatazo milioni 1, na kwa asili yake ni sehemu ya ubongo wenyewe iliyochomoza mpaka kwenye jicho. Ndiyo maana hauoti tena. Ukijikata kidole, neva yake huweza kurudi polepole. Ya jicho hairudi, kama isivyorudi sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kiharusi. Miaka ya 1980 Albert Aguayo na wenzake huko Montreal walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakiunga kwenye mshipa wa jicho, na baadhi ya nyuzi zikakua kupita ndani yake. Tangu hapo watafiti wamejua kwamba seli zile zina uwezo uliolala. Ni jambo la kutia moyo, na mimi naliombea lifike, ila halijafika.

Kwa hiyo dawa ya baba yako haikupewa kazi ya kurudisha. Ilipewa kazi ya kulinda hicho kiduara alichobaki nacho katikati. Ikifanya kazi vizuri, mgonjwa haoni tofauti yoyote. Mwambie hivi kwa lugha yake ya shamba: ni uzio, si mbolea. Uzio ukiwa imara, hakuna kinachotokea.

Na uzio huo umepimwa. Huko Sweden, wagonjwa 255 wa presha ya macho iliyogunduliwa mapema waligawanywa, wengine wakatibiwa mara moja, wengine wakaangaliwa tu. Matokeo yalitoka mwaka 2002: waliotibiwa, ugonjwa uliendelea kwa 45 kati ya kila 100, wasiotibiwa, kwa 62. Sikufichi kwamba hata waliotibiwa wengine waliendelea kupoteza. Ndiyo sababu kliniki haiachwi, maana dawa ikizidiwa daktari huongeza nyingine au huamua upasuaji. Lakini kwa mtu aliyebakiwa na jicho moja, tofauti hiyo inaweza kuwa kuiona sura ya mjukuu au kutoiona.

Nikueleze sasa ya nyumbani kwangu Tanga, kwa sababu hapo nilijifunza kwa uchungu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa huu huu. Mimi muuguzi wa macho, kila asubuhi nafundisha wagonjwa kutia dawa, yeye nilimnunulia chupa nikamkabidhi basi. Sikumtazama hata siku moja anavyotia. Chupa ya mwezi ikawa inaisha kwa wiki mbili, na presha kliniki haishuki. Jioni moja nikaketi naye kitandani, nikamwambia, "Mama, tia nione." Akainua chupa juu sana, mkono unamtetemeka. Tone la kwanza likatua kwenye nyusi. La pili likateleza shavuni, akalifuta kwa ncha ya khanga. La tatu likagonga ukingo wa kope, akafumba jicho kwa nguvu. Kisha akanigeukia, akasema, "Hiyo imeingia." Haikuwa imeingia hata moja. Miaka miwili, mwanangu. Miaka miwili nilikuwa nampa shavu lake dawa.

Kuanzia usiku ule tulimtilia sisi, nawe fanya hivyo hivyo kwa mzee, asikuambie anajiweza. Nawa mikono. Mlaze chali. Vuta kope la chini taratibu mpaka lifanye kama kimfuko, mwambie aangalie juu darini. Mkono ulioshika chupa uegemeze kwenye paji lake la uso ili usiyumbe. Dondosha tone moja ndani ya kile kimfuko, ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Moja linatosha, kwa maana tone moja tayari ni kubwa kuliko jicho linavyoweza kubeba, la pili linamwagika tu na fedha yako. Halafu afumbe jicho bila kulikaza, nawe bonyeza kwa kidole kwenye pembe ya jicho iliyo karibu na pua, dakika 2 au 3. Hapo pana mfereji wa machozi unaoteremka puani. Usipoubonyeza, dawa inakwenda kooni na kwenye damu badala ya kubaki jichoni. Akiwa na dawa ya aina mbili, ipite dakika 5 kabla ya nyingine.

Saa nayo ilitushinda mwanzoni. Mama hakuwa mtu wa kutazama saa, ila taarifa ya habari ya saa mbili usiku haikumpita hata mara moja. Tukaifunga dawa kwenye taarifa ya habari. Redio ikianza tu, mjukuu mmoja anakimbilia chupa. Tarehe ya kufungua tuliiandika kwa kalamu kwenye chupa yenyewe. Kama dawa ya mzee ni latanoprost, isiyofunguliwa hutunzwa kwenye friji. Ikishafunguliwa inaweza kukaa nje, mahali pasipo jua, joto lisizidi nyuzi 25, na hutupwa baada ya wiki 4 hadi 6 kadiri karatasi yake inavyosema. Na joto la Morogoro nalijua. Sisi tulikuwa tunaiweka kwenye kikopo pembeni ya mtungi wa maji, na ule ubaridi ulimsaidia mama kusikia tone linapogusa jicho.

Mrudishe kliniki wiki hii, presha ipimwe upya, na mweleze daktari ukweli kwamba aliacha. Asione aibu, hata wasomi huacha. Umwulize pia daktari kuhusu leza, mwanga maalumu unaopigwa jichoni ili maji ya jicho yatoke vizuri na presha ishuke. Hili si jambo la kusoma mbali, limefanyiwa utafiti hapa hapa kwetu, hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 waligawanywa, wengine wakapewa matone ya timolol, wengine wakapigwa leza. Baada ya mwaka mmoja, kwa waliopigwa leza, macho 61 kati ya 100 yalikuwa yamefikia kiwango cha presha kilichotakiwa. Kwa waliotia matone, 31. Nilipoona namba hizo nilimkumbuka mama na nyusi zake. Leza haifai kila jicho, daktari lazima kwanza aangalie pembe ya ndani ya jicho ambamo maji yake hupitia kutoka nje, wakati mwingine hurudiwa, na presha lazima iendelee kupimwa. Lakini iulizieni.

La mwisho linakuhusu wewe na kaka yako. Huko Rotterdam, Uholanzi, walipowapima ndugu na watoto wa wenye ugonjwa huu, waliona kwamba kufikia uzeeni hatari yao ni karibu mara kumi ya watu wengine. Na kwetu ugonjwa ni mwingi: wilayani Kongwa, watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi walipopimwa, kama 4 kati ya kila 100 walikuwa nao. Siku ya kumpeleka mzee, nanyi mpimwe, na mwombe mshipa wenyewe uangaliwe, si namba ya presha peke yake, kwa sababu wapo ambao mshipa hufa huku presha ikisoma kawaida. Nauli ya watu watatu kwenda kliniki haihitaji ekari.

*Mama Muuguzi, nipo Mombasa. Nimeanzishiwa matone ya timolol mwezi uliopita. Tangu hapo kifua chanibana usiku. Nilikuwa na pumu utotoni, lakini sikuona haja ya kumwambia daktari wa macho.*
*Msomaji, Mombasa*

Ndugu yangu, rudi kwa daktari leo, usingoje tarehe ya kliniki, na usitie tone jingine la timolol kabla hujamwona. Ukishindwa kupumua, nenda sehemu ya dharura moja kwa moja. Timolol ni jamaa ya dawa za moyo na presha ya damu. Tone linapita mfereji wa machozi, linafika puani, linaingia kwenye damu, na mapafu yaliyowahi kuwa na pumu yanaweza kubana. Mapigo ya moyo nayo huweza kupungua. Ziko dawa nyingine za macho zisizogusa kifua, utabadilishiwa. Usiache tu kimya kimya ukabaki bila dawa.

*Mwanangu ana miaka 9, macho humwasha na kuwa mekundu. Duka la dawa huniuzia matone ya dexamethasone, yanamsaidia sana. Sasa ni mwezi wa tano.*
*Mama wa Mtoto, Dodoma*

Mama mwenzangu, hayo ni matone ya steroidi. Yanaondoa mwasho upesi, ndiyo maana unayapenda, lakini kwa baadhi ya watu, na watoto wamo, yanapandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote. Miezi mitano ni mingi. Usinunue chupa nyingine. Mpeleke kliniki ya macho kesho ukiwa na hiyo uliyonayo mkononi, useme ameitumia kwa muda gani na mara ngapi kwa siku, na uombe presha ya macho yake ipimwe. Kwa mwasho wenyewe atapewa matone ya mzio yasiyo na steroidi, na kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho kitampoza wakati mnasubiri.